Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi nitasema habari ya nyimbo, maana ndizo zilizotukutanisha.

Mwaka huu tumetunga nyingi, na nyingi kati ya hizo, niseme wazi, ni hotuba zilizopigiwa ngoma. "Viongozi badilikeni", "jamii tuamke". Nani atabisha? Na nani atazikumbuka akishashuka kwenye daladala?

Mwanamuziki Remmy Ongala alipotaka kuwaambia watu habari za ukimwi mwaka 1990, aliita kondomu soksi. Redio ya taifa ikakataa kuupiga wimbo wake huo, "Mambo kwa Soksi", lakini watu waliokuwa wakiona haya kulitaja jambo hilo walishapata pa kuanzia. Mwanamuziki Eric Wainaina wa Kenya naye, mwaka 2001, alichukua "kitu kidogo", yaani rushwa, neno analolijua kila aliyewahi kusimamishwa barabarani, akalitia kwenye wimbo. Na miaka mingi kabla yao Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliimba kisa cha Kijiti, aliyemuua mwanamke Unguja akatorokea Bara, wakafungwa mashahidi. Kisa kile kile watu walichokuwa wakinong'ona majumbani.

Kwetu wimbo uliowafikia watu hivyo ni mmoja, wa maji. Mtunzi wake (simtaji, asije akadai soda) aliuleta ukiwa na mstari "maji hakuna". Tukaenda kuuimba bombani. Mama mmoja akatua ndoo: "Mwanangu, maji yapo. Yanatoka saa nane usiku." Mstari ukafutwa palepale. Sasa kiitikio ni "saa nane bomba lakohoa", na akina mama wale wale ndio wanaouimba kwenye foleni. Watoto wanaigiza hicho kikohozi. Baadaye uliitishwa mkutano wa mtaa kuhusu maji. Sisemi wimbo ndio ulioitisha. Ila swali la kwanza lililoulizwa pale lilikuwa: kwa nini saa nane?

Kituo kimoja cha redio kimetuambia wimbo huo hauchezeki. Hatujabembeleza.

Mwaka ujao naomba kila mtunzi, kabla ya kuingia studio, auimbe wimbo wake mbele ya watu anaowasemea, na aende na kalamu.

Spika ya chama bado iko kwa fundi. Anadai nusu ya malipo, ndiyo maana ajenda ya ada imewekwa kabla ya chakula.