Akiki ya Harappa haikupakwa rangi

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari. Majina ya miji mkiyakosea nimenyamaza, ramani mkizigeuza juu chini nimenyamaza. Lakini makala ya Jumapili ile kuhusu shanga za Mohenjo-daro imenishinda. Mwandishi wenu anasema zile shanga ndefu nyekundu ni za udongo uliopakwa rangi, zimetobolewa kwa "msumari wa chuma", na mistari myeupe juu yake ni chokaa. Yote hayo katika aya moja, na picha chini yake inaonyesha akiki tupu, lile jiwe jekundu la mapambo, mwanga unapenya!

Udongo tuuache, picha yenu imeshawaumbua. Nitasema juu ya chuma. Miji ya bonde la Indus, kama Mohenjo-daro na Harappa, ilistawi kati ya 2600 na 1900 KK. Watu wake walifua shaba, dhahabu na fedha. Chuma cha kufua hawakuwa nacho. Na hata wangekuwa nacho, ugumu wa akiki ni karibu 7 katika kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, na msumari wa kawaida haufiki hapo. Ukiupekecha juu ya akiki, kinachoisha ni msumari. Fundi wa Harappa alitumia keekee ya uta yenye ncha ya jiwe, na kwa shanga ndefu hakutumia jiwe lolote tu. Ncha za jiwe gumu lenye madoa meusi zilipatikana kwa wingi Chanhu-daro, huko Sindh, alikochimba mwanaakiolojia Ernest Mackay mwaka 1935 na 1936, na watafiti wa baadaye wakaliita ernestaiti kwa heshima yake. Ncha hiyo ni pana kidogo mbele na nyembamba kiunoni, ili maji yaingie na unga wa jiwe utoke. Bila maji tundu linapata joto na shanga inapasuka. Tena hupekechwa kutoka pande zote mbili mpaka matundu yakutane katikati, kwa sababu ukishikilia upande mmoja hadi mwisho, ncha ikitokeza inabandua kibanzi na kazi ya siku nzima imeharibika. Ndiyo maana ukichungulia ndani ya shanga ya kweli mara nyingi utaona kingo ndogo pale matundu mawili yalipokosana unywele. Mwanaakiolojia Jonathan Mark Kenoyer alijaribu kazi hii kwa vifaa vya namna ileile akapata milimita 2.5 kwa saa. Shanga ya sentimita 6 ni saa 24 za kupekecha peke yake, kabla hujahesabu kuchonga, kusugua na kung'arisha. Mkanda wa shanga 36 uliopatikana Allahdino, karibu na Karachi, ameukadiria zaidi ya siku 480 za kazi. Mwandishi wenu ameumaliza kwa msumari.

Wekundu wake nao si rangi ya kupaka. Jiwe likitoka ardhini, kama lile la Ratanpur kule Gujarat, aghalabu lina rangi ya kahawia au ya manjano iliyofifia. Kwanza linaanikwa juani muda mrefu, kisha linapangwa kwenye vyungu na kuchomwa polepole kwa moto wa kufukuta, wa samadi au unga wa mbao. Madini ya chuma yaliyomo ndani ya jiwe hugeuka mekundu. Ukiharakisha moto, maji yaliyojificha ndani ya jiwe yanachemka na unatoa chungu kizima cha vipande. Kazi hii haina njia ya mkato, na mafundi wa Khambhat, mji wa hukohuko Gujarat, huirudia zaidi ya mara moja mpaka wekundu ukolee.

Mistari myeupe ni magadi, Mhariri. Magadi haya haya! Yanakorogwa na utomvu wa machipukizi ya mmea, mchoro unachorwa kwa kalamu, unaachwa ukauke, kisha shanga inafukiwa katika makaa. Magadi yanaula uso wa jiwe na kuuacha mweupe. Mackay alionyeshwa kazi hiyo na fundi mzee wa Sehwan, huko Sindh, akaiandika miaka ya 1930. Chokaa ungeikwangua kwa ukucha. Mistari hii imetoka katika makaburi ya kifalme ya Ur, Iraki, ikiwa bado inasomeka.

Mnadhani nagombania vitu vidogo? Wiki iliyofuata, katika duka moja la vito, muuzaji alinitolea ukurasa wenu aliokuwa ameukunja chini ya kaunta, ili kunithibitishia kwamba mkufu wake wa kioo ni "wa Harappa" kwa kuwa nao una mistari ya chokaa. Bei yake sitaitaja, nina shinikizo la damu. Kioo ukikielekeza juani utaona viputo. Akiki ina ukungu na mawingu. Tupa ya chuma inakikwaruza kioo, juu ya akiki inateleza. Hayo mngeyaandika mngekuwa mmetufaa.

Na hili la kuwaita watu wa miji hiyo yote "Wahindi wa kale" mtaliacha lini? Mohenjo-daro, Harappa na Chanhu-daro ziko Pakistan. Lothal na Dholavira ndizo ziko India. Mwaka 1947 nchi zilipogawanyika, hata mapambo ya Mohenjo-daro yaligawanywa: mkufu wa dhahabu na mawe ukakatwa vipande viwili, mshipi wa akiki nao ukagawiwa, huku kipande na kule kipande. Serikali mbili zilikaa mezani zikihesabu shanga, nanyi hamwezi kuhesabu nchi mbili. Wala akiki si habari ya ng'ambo kwetu. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza akiki za Khambhat zikisafirishwa hadi pwani hii yetu ya Afrika Mashariki, na Kilwa zimechimbuliwa. Mababu zetu walizinunua wakijua wananunua nini.

Sidai kuombwa radhi. Mnunulieni mwandishi wenu akiki moja na msumari wa inchi nne, mpeni meza karibu na dirisha, na asiandike habari nyingine yoyote ya kale mpaka atokeze upande wa pili. Akiki iwe ya sentimita 10, na maji ya kupoza ajichotee mwenyewe.

Msomaji wenu,
Tanga