Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Maandalizi ya Makumbusho ya Historia ya Watu Weusi, Frere Town, Mombasa

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Shughuli za kawaida mnazijua. Kamati ilikutana mara 9, ziara ya Rabai ilifanyika, makaburi yalisafishwa mara 2, na wazee 11 wamerekodiwa. Hesabu kamili anayo mweka hazina. Kwa ufupi, zimeingia Sh. 918,000 na zimetoka Sh. 774,000, na humo ndani zimo zile Sh. 640,000 zilizoleta maneno.

Fedha hizo zilitoka mfuko wa ujenzi, zikatengeneza ghala la kuhifadhia vitu badala ya kuchimba msingi. Imesemwa kwamba mwenyekiti ameyakalia makumbusho. Pendekezo nililileta mimi, likapita kwa kura 17 dhidi ya 5, na nalisimamia hadi leo.

Tuangalie waliotutangulia. Kule Fredericksburg, Marekani, mradi wa makumbusho ya utumwa ulipata kiwanja na michoro, ukapokea vitu vya watu, kisha mwaka 2011 ukaomba kinga ya mufilisi bila jengo kusimama. Waliotoa vitu vyao wakaanza kuvidai. Charleston, hukohuko Marekani, walikuwa na fedha na jengo zuri la makumbusho ya Wamarekani Weusi, kwenye gati ambako Waafrika wengi walishushwa. Wazo lilitangazwa mwaka 2000. Ufunguzi ulipangwa Januari 2023, ukasogezwa hadi Juni 27 kwa sababu joto na unyevu ndani ya jengo havijatulia. Makumbusho ya kitaifa ya Wamarekani Weusi kule Washington nayo yalianza mwaka 2005 na mkurugenzi asiye na jengo wala mkusanyo. Wakazunguka miji wakiwaonyesha watu namna ya kutunza vitu vya nyumbani, na milango ikafunguliwa 2016.

Sisi tuko pwani. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu huota kwenye karatasi, ngozi na nguo, na picha za zamani hushikana. Kabla ya kununua chochote tuliweka vipimo viwili vya unyevu chumbani kwa wiki 3: usiku asilimia 84, mchana 71. Ndipo tukaziba dari, tukaweka mashine mbili za kuvuta unyevu na rafu za chuma zilizoinuliwa inchi 6 kutoka sakafuni na kuachwa vidole vinne na ukuta, hewa ipite na mchwa akipanda aonekane. Mmeuliza kwa nini kazi hii hakupewa seremala wetu. Mbao hutoa mvuke wenye asidi, na ndani ya chumba kilichofungwa mvuke huo hugeuza karatasi manjano.

Kasoro ilitokea, siifichi. Wiki ya kwanza ndoo za mashine zilijaa usiku, mashine zikajizima, alfajiri kipimo kikasoma 78. Sasa mpira unapeleka maji moja kwa moja kwenye mtaro. Umeme ukikatika, kinachookoa ni boksi: kadibodi isiyo na asidi, ikifungwa vizuri, hunywa unyevu taratibu na kuchelewesha mabadiliko. Ndiyo maana maboksi yamekula fedha nyingi kuliko mlivyotarajia.

Nije kwenye mnyororo. Familia moja ilileta mnyororo wa chuma wenye urefu wa mita 1.4 na pingu moja, ikataka uandikwe "mnyororo wa watumwa". Kamati ilikataa, na najua wako waliokasirika. Rejista yetu ina safu mbili: jicho linaona nini, na mtoaji anasema nini. Pete za mnyororo huo zina ukubwa mmoja na hazina alama ya nyundo, kama za kiwandani. Unaweza kuwa wa jahazi. Tuliandika alichosema mtoaji kwa maneno yake mwenyewe, tukaupa namba 2025.14.1. Tukiandika tusichokijua na kikaja kukanushwa, mgeni atatilia shaka hata pingu iliyo ya kweli, na waliofungwa kwazo watakuwa wamedhulumiwa mara ya pili. Kibaya zaidi, ulikuwa umesuguliwa kwa msasa na kupakwa mafuta kabla ya kuletwa. Ile kutu ndiyo ingetusaidia kukisia ulilala wapi. Nawasihi: msisugue, msipige laminesheni, msigandishe kwa selotepu, msiandike kwa kalamu ya wino nyuma ya picha. Tena warithi wote waweke sahihi kwenye hati ya makabidhiano. Mjomba akitoa peke yake, mpwa huja kudai.

Jambo linaloniuma ni mahudhurio. Tuko wanachama 118. Kikao cha Machi walikuja 22, mkutano mkuu umeahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi, na ada ya Sh. 1,200 imelipwa na 37 tu. Utumwa ulifutwa kisheria pwani hii mwaka 1907. Wazee waliolelewa na watu walioachwa huru wakati ule wanatutoka, na kila kanda isiyorekodiwa mwaka huu haitarekodiwa tena. Watumwa waliookolewa na kushushwa hapa Frere Town kutoka majahazini tangu 1875, na wale waliosomeshwa Nasik, India, kama Jacob Wainwright aliyesindikiza mwili wa mmisionari na msafiri David Livingstone hadi London mwaka 1874, hawana wa kuwasemea isipokuwa sisi. Kulipa ada ni neno dogo mbele ya hilo.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuzungumza na wafadhili, kuomba nakala za barua za wamisheni zilizohifadhiwa Birmingham, Uingereza, na kulirudia suala la kiwanja hali ikiruhusu. Ghala hufunguliwa kila Jumamosi asubuhi. Njooni muone, na mweka hazina atakuwepo na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti