Taarifa ya mwaka 2025 ya mwenyekiti kwa wanachama wa umoja wetu wa wakulima

Wanachama wenzangu, shikamooni wazee, kina mama na vijana habari zenu. Mambo ya kawaida nayapitia haraka maana mnayajua: mikutano minne tumefanya, mbolea ya ruzuku tumejiandikisha, tumezikana, mfereji tumesafisha mara mbili. Tuko 64, waliomaliza ada ni 23, kwenye akaunti kuna shilingi 412,000. Mkutano wa Septemba walikuja 17, wale wale wa siku zote.

Sasa hii ishu ya mtendaji wa kijiji, yule mliyetaka tumfukuze kwa kutotusomea mapato na matumizi. Nasoma yanayosemwa kwenye grupu la wasap, eti mwenyekiti kalamba asali ndo maana aliwazuia msitie kufuli ofisi ya mtendaji. Ndio niliwazuia, na leo ningewazuia tena.

Mtendaji hatukumchagua jamani. Mwenyekiti wa kijiji ndo tulimpigia kura Novemba 27, 2024, huyo mkutano mkuu wa kijiji unaweza kumtoa. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, akikosea anaandikiwa hati ya mashtaka, anajitetea, inaundwa kamati ya uchunguzi, uamuzi unatoka huko huko halmashauri, na asiporidhika anakata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma mpaka kwa Rais. Sasa sisi tumfukuze kwa makelele, kesho anarudi na barua yake mkononi na nyie mko polisi mnaandika maelezo, hapo nani kashinda?

Wengine mkasema twende kwa DC, mkuu wa wilaya. DC ana nguvu kweli, sheria ya tawala za mikoa ya 1997 inamruhusu hata kumweka mtu ndani masaa 48, ila hiyo ni mambo ya usalama, sio kumwachisha kazi mtumishi wa halmashauri. Na mkurugenzi wa halmashauri mwenyewe kateuliwa na Rais na Rais ndo anamtengua, madiwani wakimchoka wanaishia kupitisha azimio.

Hapo panaponiuma na mimi. Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, lakini huyu anayeshika mhuri wetu kila siku tunaweza kumlalamikia tu.

Nilichofanya mimi ni hiki, nilisimamia mkutano mkuu wa kijiji uitishwe, tukadai mapato na matumizi ambayo yanatakiwa kusomwa kila miezi mitatu na hatujasomewa mwaka mzima, azimio la kumkataa likaingia kwenye muhtasari, na kwa kuwa mtendaji ndo katibu na ndo anaandika muhtasari nikakomaa usomwe na usainiwe pale pale kabla watu hawajatawanyika. Nakala nikaipeleka kwa diwani na kwa mkurugenzi, safari tatu kwa nauli yangu na sijadai hata mia. Waliotaka kufuli siku ya kusaini mahudhurio sikuwaona.

Novemba kahamishiwa kata nyingine. Mnanung'unika kwamba kuhamishwa sio kufukuzwa, ni kweli, lakini ofisini hayupo na hakuna mwanachama aliyelala ndani.

Mwakani Mungu akipenda tukae mapema na mtendaji mpya, na ile mashine ya kukoboa tuone inawezekanaje. Wale 41 ambao hamjamaliza ada, mweka hazina kakaa pale mlangoni na kitabu chake cha risiti.