Salamu za sakura kutoka Tokyo

Wakubwa zangu, shikamooni. Ndugu na marafiki wa nyumbani, na ninyi mlio huku Japani, hamjambo?

Sakura, yaani maua ya mcheri, zimechanua. Hapa Tokyo mtaalamu wa hali ya hewa huenda hadi kwenye mti mmoja wa kipimo, katika uwanja wa hekalu la Yasukuni, akahesabu maua. Yakishafunguka matano au sita, msimu umeingia rasmi, na redio zote zinatangaza.

Miti mingi ya mjini ni ya aina moja, Somei Yoshino, ambayo huzalishwa kwa kubebesha kikonyo, kama tufanyavyo kwa miembe. Yote ni damu moja, ndiyo maana mtaa mzima unachanua kwa pamoja, na kupukutika kwa pamoja. Tangu maua yakolee hadi yaanze kuanguka ni kama wiki moja, na mvua ikinyesha hata wiki haifiki.

Basi watu wanaacha kazi zao wakakae chini ya miti. Hiyo ndiyo hanami, kutazama maua. Jana tulitandika turubai la buluu katika bustani ya Ueno, viatu tukavipanga pembeni, nikakumbuka mkeka wa barazani kwetu. Mama mmoja jirani alinipa sakura mochi: kitafunwa laini cha waridi chenye maharage matamu ndani, kimefungwa kwa jani la sakura lililokaa kwenye chumvi. Utamu unatangulia, chumvi inafuata. Petali moja ilidondoka juu ya kifuniko cha chakula changu, na hakuna aliyeipangusa.

Mwaka wa shule na wa kazi huku unaanza Aprili, kwa hiyo chini ya miti hii watu huagana na hukaribishana. Mimi mwaka huu nimeaga wawili niliowapenda sana.

Moyo wangu una hofu pia. Kyoto wana kumbukumbu za maua haya za zaidi ya miaka 1,200, na mwaka 2021 yalikolea tarehe 26 Machi, mapema kuliko miaka yote iliyotangulia. Joto linayaharakisha.

Usiku huu nimesimama kwenye daraja la Mto Meguro. Petali zimefunika maji kote; Wajapani huziita hanaikada, chelezo cha maua. Nawatakieni msimu mwema, afya na amani nyumbani kwenu. Nanyi mlioko Hokkaido, kaskazini kwenye baridi, subirini kidogo: zenu ziko njiani.