Yah: Malalamiko kuhusu chaja mliyoniuzia na stika mliyoibandua wenyewe

Mikindani,
Mtwara.
4 Septemba 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nianze kwa kukusalimu, maana mimi nilipoingia tawini kwenu Mtwara mjini Jumanne ya wiki iliyopita sikusalimiwa. Nina miaka 63. Kijana aliyekuwa kaunta ni wa rika la mjukuu wangu wa kwanza, na shikamoo yake sijaisikia mpaka leo. Hilo nimelisamehe. Lililofuata sijalisamehe.

Nilimwekea mezani kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi 4, chaja na waya wake, vyote mlivyoniuzia kama seti moja kwa shilingi 465,000, risiti ya EFD ikiwa mkononi. Nikamwambia umeme hauifikii wa kutosha, naomba tujaribu chaja nyingine. Akaligeuza boksi la kompyuta, akapenyeza ukucha wa kidole gumba chini ya stika ya waranti, akaibandua yote, akafungua kifuniko na kuchungulia kama anayetafuta mende. Kisha akaniinulia kidole, stika imemnata, akasema: "Bibi, stika imeshatoka. Waranti hakuna."

Nilidhani ananitania.

Naomba radhi, nimerukia mwisho. Seti niliinunua tarehe 2 Julai kwa hela ya korosho, na kazi yake ni moja. Inakaa sebuleni kwangu ikiwa na hadi diski (diski ya kuhifadhia mafaili) yenye masomo na mitihani ya nyuma, na jioni watoto 14 wa Kidato cha Nne wa mtaani wanakuja kuyasoma kwenye simu zao kwa waifai, bila kununua bando. Mtihani wao ni Novemba.

Siku ya tatu tu mambo yakaanza. Kwenye kona ya juu ya skrini kikawa kinatokea kijialama cha radi cha njano, kinapotea, kinarudi. Kila hadi diski ilipoanza kuzunguka, taa nyekundu ya kompyuta ilizimika mara moja kama mtu aliyekonyeza, na diski ikajitoa yenyewe. Nilipiga namba yenu ya huduma mara nne, ikapokelewa mara moja. Nikaambiwa nibadilishe memori kadi. Nikabadilisha, radi ikabaki. Nikaambiwa basi ni umeme wa Mtwara. Sikatai, kwetu umeme hukatika na hupungua, lakini chaja yenu yenyewe imeandikwa inapokea kuanzia volti 100 hadi 240. Hata hivyo nikangoja jioni moja umeme ulipokatika kabisa, nikachomeka kwenye inveta ya jirani yangu anayeuza soda. Radi ileile.

Nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka 31. Nikatoa mita. Bila hadi diski, pini ya 4 na ya 6 za kompyuta, zinazopitisha umeme wake, zilinipa volti 5.02. Nikachomeka diski, ikashuka hadi 4.41. Kompyuta hii huanza kulalamika ikipata chini ya 4.63. Nikaandika kwenye kompyuta amri ya kuuliza hali ya umeme wake, vcgencmd get_throttled, ikajibu 0x50005, maana yake umeme ni mdogo sasa hivi, ulishakuwa mdogo tangu iwashwe, na prosesa imepunguziwa mwendo ili isife. Nikaazima chaja ya volti 5.1 na ampea 3 kwa mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi Lindi, nikaiacha kwa siku mbili, usiku na mchana, diski ikizunguka. Jibu lilikuwa 0x0, yaani hakuna kasoro, na radi haikuonekana hata mara moja. Kompyuta ni nzima, wala sina ugomvi na walioitengeneza. Wagonjwa ni chaja yenu na ule waya mwembamba kama uzi wa kushonea. Waya wa namna hiyo unakula volti njiani kabla hazijafika, na mkondo ukiongezeka ndivyo unavyozidi kula. Hadi diski ya inchi 2.5 ikianza kuzunguka inavuta karibu ampea nzima, ndiyo maana inaanguka wakati huohuo. Nilipoweka waya mnene kwenye chaja yenu nikapata 4.58. Kwa hiyo hata waya tusiubebeshe lawama zote.

Haya yote nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi moja, kwa mwandiko wa ubaoni, nikamkabidhi kijana wenu. Aliiweka chini ya kikombe chake cha chai.

Sasa ile stika, kwa sababu nikilala naiona. Kabla ya kuibandua alichukua kompyuta yangu akaichomeka kwenye chaja yake mwenyewe, bila diski, bila chochote, taa ikawaka, akasema kwa sauti ya duka zima kusikia: "Si hiyo inawaka?" Nikamwambia hata kwangu inawaka, tatizo ni ikibebeshwa mzigo. Diski nilikuwa nayo kwenye mkoba, nikamwomba aichomeke. Akasema, "Bibi, haya mambo mwachie mjukuu, wewe kapumzike." Mteja mmoja aliyekuwa ananunua kava la simu akacheka. Hapo ndipo ukucha ulipoingia chini ya stika. Haikutoka kwa bahati mbaya, Ndugu Meneja. Ilianza kutoka kwenye pembe, nikamwambia, "Mwanangu, usiitoe hiyo," akanitazama, akaimalizia. Halafu mtu huyohuyo, stika ikiwa kidoleni mwake, ananiambia mimi ndiye sina waranti kwa kuwa stika haipo! Akaitwa msimamizi. Msimamizi akaliangalia boksi, mimi hakuniangalia, akasema, "Sera ndiyo hiyo, mama." Sera mnaijua, mmeiandika wenyewe. Nionyesheni mstari unaosema mfanyakazi akibandua, mteja ndiye amebandua.

Kamera yenu iko juu ya mlango na inaelekea kaunta. Tazameni picha za Jumanne hiyo, saa tano kasorobo asubuhi, kabla hazijajifuta.

Sijui kama mnadhani watu wa kusini bado tumelala. Sisi wenyewe husema Mtwara kuchele, na kumekucha kweli.

Nilipokaa kuandika barua hii nilitaka kitu kimoja tu, chaja ya kweli na waya wake. Chaja ya kuazima ilikwenda zake Lindi Jumapili, nikarudi kwenye yenu kwa kuwa sina nyingine, na juzi usiku kompyuta ikazima katikati ya kuandika. Memori kadi, ile mpya niliyoambiwa ninunue, sasa haisomeki. Majibu ya mazoezi ya wiki sita ya watoto yamekwenda nayo. Kwa hiyo nadai na kadi.

Na jana, nikiifuta vumbi chaja yenu, nikaona ukingo wa lebo ya "5V 3A" umeinuka. Na mimi nina ukucha. Chini yake, kwenye plastiki yenyewe, imechapwa 5V 2A, yaani ampea mbili, si tatu. Mtu fulani alikaa mahali akabandika lebo juu ya ukweli, na sitaki kuamini kuwa alifanya kwa chaja moja tu. Nimepiga picha, na nimemwita mwenyekiti wa mtaa akaona kwa macho yake.

Hivyo chaja siitaki tena. Nadai shilingi 465,000 zote, bei ya memori kadi na nauli zangu za kwenda na kurudi mjini, risiti nimeambatanisha. Nadai pia barua ya kuomba radhi yenye sahihi ya kijana wa kaunta na ya msimamizi wake, si ujumbe wa simu wa "tunasikitika kwa usumbufu". Chaja zote za lebo hiyo zitolewe kwenye rafu zenu, maana wapo walionunua ambao hawana mita, nao wameshaambiwa ni umeme wa Mtwara.

Yasipofanyika, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, pamoja na picha ya lebo zote mbili, na madai yangu ya fedha nitayafungua Mahakama ya Mwanzo hapa Mtwara. Nimestaafu, muda ninao.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nimeisoma tena barua hii tangu juu, nimefika kwenye ule ukucha. Nawapa siku 7 tangu mtakapoipokea.

Nakala ya Tume iko kwenye bahasha, anwani nimeshaandika. Stempu ndiyo bado.

Wenu katika madai,

Mwalimu mstaafu,
Mikindani