Mwanangu, hela yako inaishia kwenye vitu vya kupima

Mwanangu,

Hujambo mama? Huku Tandika sisi wazima. Baba yako anakusalimu, na goti lake wiki hii limempa nafasi.

Uliniambia kwenye simu kwamba mwezi haujafika katikati umeshaanza kuandikwa kwenye daftari la madeni la Mangi mwenye duka, ukaapa kuwa hununui nguo wala hutoki kwenda popote. Nakuamini. Nilipokuja kwako Kimara nililiangalia jiko lako: mafuta ya kupima kwenye chupa ya soda, sukari robo, mkaa wa kopo, sabuni ya unga ya paketi ile ndogo kabisa. Nikasema moyoni, huyu mtoto hatapanyi hata kidogo, ila kila kitu anakinunua ghali kuliko watu wa Masaki. Wao wananunua dumu. Wewe unanunua kipimo, na katika kila kipimo Mangi anaweka faida yake. Simlaumu, ndiyo kazi yake.

Chukua mafuta peke yake. Ya 500 asubuhi na ya 500 jioni ni 1,000 kwa siku, yaani 30,000 kwa mwezi. Ingia duka la jumla pale Manzese na hiyo 30,000, uliza unapata dumu la ukubwa gani, halafu jiulize mtu mmoja atalimalizaje kwa mwezi kama hakaangi chipsi za biashara. Sukari na sabuni zifanyie hesabu hiyohiyo. Iandike kwenye karatasi, usiandike kwenye simu, maana ukishaifungua tu najua utakapoishia.

Kwenye mchele na mahindi usikubali kabisa kununua kilo kilo mwaka mzima. Mpunga na mahindi huvunwa sehemu kubwa ya nchi kati ya Mei na Agosti, na hapo ndipo bei hulegea. Ikifika Januari, wakati kila mtu anahangaika na ada, vinapanda. Basi mchele wako ununue Julai au Agosti, sokoni Tandale, uufungie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana ili fukusi wasikutangulie kula. Gunia zima la nini na uko peke yako? Tafuta majirani wawili mnaosikilizana, mgawane. Vitunguu hivyohivyo, na nyanya mkiweza kugawana tenga siku hiyohiyo, maana hazisubiri. Samaki wa mnada pale Feri nao wanawake wengi wanachangia hivyo, nenda uwaone. Lakini usipande bodaboda kwenda na kurudi kwa ajili ya kuokoa 2,000. Hapo umemwokoa dereva.

Sasa umeme, maana hapo unaibiwa bila mwizi. Kwa bei tuliyonayo sasa, nyumba iliyo kwenye daraja la matumizi madogo, yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ukinunua LUKU, huu umeme wa kulipia kabla, ya 1,000 unapata yuniti 8 na kidogo. Iliyo daraja la kawaida, hiyo 1,000 haikupi hata yuniti 3. Wewe peke yako huwezi kufikisha 75. Feni ya wati 60 ukilala nayo saa 8 haifiki nusu yuniti. Taa za LED za wati 9 ndiyo usiseme. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima ndiyo yuniti 1, kwa hiyo piga pasi nguo za wiki kwa mara moja. Tatizo ni kwamba nyumba yenu ina wapangaji wanne na LUKU moja, mita inawahesabu kama mtu mmoja mwenye njaa kubwa, nyumba nzima inaangukia daraja la juu. Halafu mnachanga sawa kwa sawa, wakati yule jirani wa chumba cha mwisho ana friza mbili na anauza barafu! Zungumzeni. Fundi anaweza kuwafungia mita ndogo ya kila chumba ili kila mtu alipe alichokula. Haitawarudisha daraja la chini, kwa sababu LUKU yenyewe bado ni moja, ila wewe utaacha kugharamia barafu ya watu. Mwenye nyumba akikubali kila mpangaji aombe LUKU yake TANESCO, hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Na jingine. Kila mwezi kwenye LUKU ya nyumba ya kawaida inakatwa 1,500, ndiyo maana manunuzi ya kwanza ya mwezi huwa yanakuja na yuniti chache. Ile ni kodi ya majengo, na jengo si lako. Mwambie mama mwenye nyumba kwa adabu akurudishie au aitoe kwenye kodi ya chumba. Wengi wanakubali, hawajaambiwa tu.

Mkaa wa kopo uache. Ninajua hela ya kununua mtungi wa gesi ukiitoa inauma, lakini inauma mara moja, wakati kopo linakutafuna kila siku, na ukipika chai asubuhi unauacha mkaa mzima ukiwaka bure. Maharage ndiyo yanayomaliza nishati. Yaloweke usiku, asubuhi mwaga maji yale, pika mengi, gawa kwenye vikopo, omba nafasi kidogo kwenye friza ya huyohuyo muuza barafu (si umekuwa ukimlipia umeme?). Shoga yangu mmoja wa hapa mtaani ana jiko la presha la umeme la wati 1,000. Hata likinguruma saa nzima ni yuniti 1, hata kwa bei ya juu haifiki bei ya kopo la mkaa. Ukipata hela, hilo nunua kabla ya televisheni.

Maji: yuniti moja ya DAWASA ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Zidisha bei ya ndoo ya jirani mara 50, ulinganishe na ankara, utajua unalipia maji au unalipia bomba la mtu.

Kuna watu watakuambia uache chai na chapati ya mama ntilie asubuhi, uache na matunda. Usiwasikilize. Anayefika kazini na njaa saa 4 ananunua soda na keki, na hiyo ni hela zaidi. Papai na ndizi kula. Bima ya afya usiiguse.

Ninachotaka ukiangalie ni michango. Umeniambia uko kwenye makundi matatu ya harusi, moja ni la mtu ambaye hata jina la mamake hulijui. Sare, kitchen party, send-off, halafu kadi ya harusi yenyewe. Sikuzuii kuchangia, wewe nawe utaolewa na tutapita kwa watu. Ila panga kiasi cha mwaka mzima, ukikigawa kikaisha, umeshiriki. Mwenye haya hawezi kusema hana, nalijua hilo, ndiyo maana kamati zinapenda watu kama wewe. Na usikope kwenye simu ili uchangie harusi. Hiyo mikopo wanaiita kausha damu na hawakukosea.

Najua utasema: mama, hela ya dumu na mchele kwa pamoja naitoa wapi, ndiyo maana napima. Ni kweli, na wanaosema "nunua jumla" hawalijibu hilo swali. Anza na kitu kimoja. Mwezi wa kwanza dumu la mafuta tu. Zile 1,000 za kila siku ambazo hazitaenda tena kwa Mangi, zitie kwenye kibubu, na ukinunue cha kutoboa kwa nyundo, si kile chenye kifuniko, ninakujua. Mwezi wa pili kibubu kinanunua sukari na sabuni, mwezi wa tatu gesi. Ukiingia mchezo wa kupokezana hela na wenzako wa kazini, omba zamu ya Julai, upokee mchele ukiwa wa bei ya chini.

Na hizo 30,000 unazonitumia kila mwezi pamoja na ya kutolea, mwezi huu usinitumie. Nimeshazungumza na baba yako, vitumbua vyangu vinatosha. Hizo ndizo za dumu. Nikija Jumapili nataka nilikute jikoni, na risiti yake unionyeshe.

Mama yako