Malalamiko: Mfereji wa Hodhi Usiofaa Maji ya Tangi

Langoni, Lamu

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Vifaa vya Bafu,
Mombasa.

Bwana/Bi Meneja,

KUH: MFEREJI WA HODHI LA KUOGEA NILIOUZIWA DUKANI KWENU

Nalalamikia mfereji niliouziwa kwa ushauri wa mfanyakazi wenu, ambao tangu ufungwe maji yanachirizika tu. Hodhi halijai kabla maji ya moto hayajapoa.

Kabla ya kulipa nilimweleza mfanyakazi huyo mambo mawili. Kwanza, nyumba yetu haina pampu ya kusukuma maji hadi bafuni. Maji yanateremka kutoka kwenye tangi la juu ya paa, kama mita tatu tu juu ya hodhi. Pili, hodhi ni la mama yangu, anayeumwa magoti. Tumemjengea ukingo mpana aketi kwanza, ageuke, ndipo aingize miguu, kwa hiyo sikutaka mfereji wowote usimame juu ya ukingo huo.

Nilikuwa tayari nimeshika mfereji wa ukutani. Yeye akanishauri niurudishe, nichukue ule unaojaza hodhi kupitia tundu la kufurikia, yaani tundu la juu linalotoa maji yanayozidi, usio na mdomo unaojitokeza. Kuhusu presha hakuuliza wala hakusema neno. Karatasi ya maelezo, iliyokuwa ndani ya boksi lililofungwa, inasema kifaa kinahitaji angalau bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Kimo cha maji cha mita 10 hutoa takriban bar 1, na mimi kwa mita zangu tatu nina 0.3. Hesabu hii kila fundi bomba anaijua. Anayeuza mabomba Pwani, ambako nyumba nyingi zinategemea tangi la paani, anapaswa kuuliza maji yanatoka wapi kabla ya kuuliza mteja anapenda rangi gani.

Liko jambo jingine, nalo ni la afya. Maingilio ya maji ya kifaa hiki yako chini ya ukingo, na hodhi likijaa sana, maji ya kuogea huyafunika. Presha ikishuka kwenye paipu, pengine kwa sababu jikoni chini wamefungua maji, uchafu unaweza kuvutwa hadi kwenye maji safi. Ndiyo sababu kifaa cha aina hii huhitaji valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma. Kwenye boksi langu haikuwemo, na hakuna aliyenitajia. Mfereji wa ukutani, mdomo wake ukiwa juu ya ukingo, unakingwa na nafasi ya hewa iliyo kati ya mdomo huo na maji ya hodhi peke yake.

Kilichoniuma zaidi ni ukuta. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyo nyingi katika Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ukuta huu hauzibwi kwa saruji, kwani saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, lipu ikabambuka. Fundi wetu alichonga njia ya paipu taratibu, akaziba kwa chokaa, akifuata michoro yenu hatua kwa hatua. Simlaumu hata kidogo. Sasa ukuta uleule lazima ufunguliwe tena.

Nilipopiga simu mliniambia ninunue pampu. Umeme ukikatika, mama abaki na sabuni mwilini? Vizazi vimeoga nyumba hii kwa maji ya birika, lile tangi la kujengwa la kuwekea maji, bila kungoja umeme.

Naomba mkichukue kifaa chenu na mnipe mfereji wa ukutani wa kuchanganya maji ya moto na baridi, uliotengenezewa presha ndogo, wenye maingilio ya robo tatu inchi badala ya nusu inchi. Uwe wa shaba ya njano, si zinki iliyopakwa kromu, maana maji yetu ya kisima yana chumvichumvi. Mlipe pia ujira wa fundi wa chokaa na gharama ya kuleta mzigo mpya hadi Lamu, pamoja na boti kutoka Mokowe, upande wa bara.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iko wazi: mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayokusudia na kutegemea ujuzi wake, bidhaa sharti ifae kwa matumizi hayo. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa.

Nimeambatisha risiti, picha za ukuta na nakala ya karatasi ya maelezo. Nataka jibu la maandishi katika muda wa siku 14.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Langoni